Mwongozo kamili: Kutabiri mvua ya kesho mtaani kwako Dodoma, siku za baridi na mvua

Mbingu ya Dodoma ikijifunga siku tatu nne mfululizo, kati ya Desemba na Aprili, wanaojaribu kutabiri hali ya hewa hukwama palepale. Mmoja anaona picha ya wingu lenye radi kwenye simu na kudhani ni wingu la mtaani kwake. Mwingine anapima mgandamizo wa hewa, anaona namba inashuka kila mchana, na kila mchana anatangaza dhoruba. Wa tatu anapatia siku nne za mvua, kisha anatabiri mvua tena siku ya tano, jua linawaka. Na siku hiyo ya tano ndiyo jirani aliyokuwa anaitaka ili aanike karanga.

Mwongozo huu ni wa kuwatoa hao watatu walipokwama. Ukiufuata, kila jioni utaweza kusema kwa namba kama kesho itanyesha kwako, na baada ya mwezi utaweza kuonyesha kwamba hubahatishi.

## Kwanza jua ni baridi ipi

Dodoma ina baridi mbili na kanuni zake hazifanani. Baridi ya Juni hadi Agosti huja na upepo wa kusini-mashariki. Asubuhi wingu la chini linaweza kufunika mji hadi watu wavae makoti, lakini mvua karibu haipo. Ukitumia mwongozo huu Julai utatabiri mvua nyingi zisizonyesha.

Tunayoishughulikia hapa ni baridi ya ndani ya msimu, ule wa mvua moja unaoanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili. Wingu nene linaziba jua, joto la mchana linabaki nyuzijoto ishirini na kitu badala ya kukaribia 30, na mvua inakuja usiku au asubuhi bila kelele, tofauti na ile ya radi ya alasiri. Dodoma mjini hupata wastani wa milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, kwa hiyo siku chache za namna hii zinaweza kubeba sehemu kubwa ya mvua yako yote.

## Vifaa

- Chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, yenye ubavu ulionyooka
- Bomba la sindano la mililita 10 au 20 kutoka duka la dawa, bila sindano yenyewe
- Vipimajoto viwili vya hewa vinavyofanana. Usinunue cha homa. Hicho huanzia nyuzijoto 35 na hakitakuambia kitu
- Kipande cha utambi wa pamba au kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa
- Simu yenye kipimo cha mgandamizo wa hewa, ukiwa nayo. Si lazima
- Kitambaa chepesi chembamba, urefu wa mkono, cha kufunga juu ya mti mrefu utakaousimika
- Daftari na kalamu. Simu inapotea, inaishiwa chaji, inabadilishwa. Daftari la msimu uliopita utalihitaji

## Hatua ya 1: Bana swali

"Kesho mvua itanyesha?" ni swali lisilo na jibu la kukaguliwa. Inyeshe wapi? Kiasi gani? Mvua ikipiga Ihumwa, lakini Nzuguni pakabaki pakavu, wawili mliobishana mtaondoka wote mkijiona mmeshinda.

Andika ukurasa wa kwanza wa daftari: *Siku ya mvua ni siku ambayo chupa yangu imepata milimita 1 au zaidi, kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 3 asubuhi inayofuata.* Saa 3 nimeichagua kwa sababu ndiyo saa ambayo vituo vya hali ya hewa nchini husoma mvua ya saa 24 zilizopita, kwa hiyo namba zako zitalingana na zao.

Umefanikiwa ikiwa mtu mwingine, akipewa chupa na daftari lako, anaweza kuamua ulipatia au ulikosa bila kukuuliza neno.

## Hatua ya 2: Tengeneza kipima mvua

Kata chupa pale mabega yanapoishia, mahali ubavu unapoanza kunyooka. Geuza kipande cha juu, mdomo uangalie chini, kiingize ndani ya chupa kama faneli. Faneli inazuia maji yasikaushwe na upepo kabla hujasoma. Hakikisha ukingo wa juu ni duara kamili; ukibonyea, eneo linapungua na hesabu inaharibika.

Pima upana wa ukingo kwa sentimita. Zidisha namba hiyo kwa yenyewe, kisha kwa 0.785. Chupa yenye upana wa sentimita 9 inakupa eneo la sentimita mraba 63.6. Kila mililita 6.4 za maji ndani yake ni milimita 1 ya mvua. Ukinyonya mililita 45 kwa bomba la sindano, umepata milimita 7 na ushei.

Wengi huchora mistari ya rula ubavuni mwa chupa. Usifanye hivyo. Kitako cha chupa kina mabonde, na milimita za mwanzo, zile zinazoamua kama siku ni ya mvua au siyo, ndizo zitakazopotea humo. Bomba la sindano halidanganywi na kitako.

Funga chupa kwenye nguzo, ukingo uwe sentimita 30 au zaidi kutoka ardhini ili matone yanayoruka kutoka chini yasiingie. Iwe mbali na ukuta au mti kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wake: nyumba ya mita 4, chupa mita 8. Viwanja vyetu vingi havina nafasi hiyo. Weka basi pale palipo wazi zaidi na usihamishe tena. Pia iwe juu ya pua ya mbuzi.

Kupima kama kazi imekaa sawa: mimina mililita 64 ndani ya faneli, kisha zinyonye zote. Ukipata pungufu ya 60, chupa inavuja au hujanyonya hadi mwisho.

Milimita 1 haionekani kitu, lakini ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Paa la bati la mita za mraba 60 linakuwa limepokea lita 60.

## Hatua ya 3: Kikavu na kibichi

Ning'iniza vipimajoto viwili kivulini, mahali penye upepo. Kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la adhuhuri huwa upande wa kusini wa Dodoma, kwa hiyo kivuli cha uhakika kiko ukuta unaotazama kaskazini. Usiviweke karibu na bati. Bati lenye joto litasomwa kabla ya hewa.

Kimoja kiache kikavu. Cha pili kivishe utambi kwenye kichwa chake, ncha nyingine ya utambi iwe kwenye kikopo cha maji safi. Maji ya mvua ndiyo bora. Maji ya kisima cha chumvi yatagandisha utambi ndani ya wiki.

Saa 9 alasiri, pepea kile chenye utambi kwa kipepeo cha jiko kwa dakika mbili tatu, kisha soma vyote. Maji yanayokauka kwenye utambi yanapoza kipimajoto. Hewa ikiwa imeshiba unyevu, maji hayakauki, na namba mbili zinakaribiana.

Kikavu kikisoma 22 na kibichi 20, hewa ya Dodoma ina unyevu wa asilimia 84 hivi. Kibichi kikishuka hadi 15 huku kikavu kimebaki 22, unyevu ni kama asilimia 49. Huhitaji kukariri asilimia. Andika tofauti tu: 2, au 7. Nikilazimishwa kubaki na kifaa kimoja cha kutabiria, nitabaki na tofauti hii ya alasiri.

## Hatua ya 4: Mgandamizo, kwa saa moja tu

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu maelezo mengi yaliyozagaa yameandikwa kwa nchi za baridi. Kule namba ikishuka kwa kasi, dhoruba iko njiani. Huku kwetu karibu na ikweta mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kila siku, kuna mvua au hakuna. Hukaribia kilele saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, hukaribia chini kabisa saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri. Shika hivyo: *saa nne juu, saa kumi chini.*

Mshuko huo wa mchana unaweza kufika hektopaskali (kizio cha mgandamizo) 3 hivi. Badiliko la kweli la hali ya hewa, kutoka leo hadi kesho, mara nyingi ni hektopaskali 1 au pungufu. Anayelinganisha asubuhi na alasiri anasikiliza saa ya ukutani, si hali ya hewa.

Kwa hiyo soma mara moja, saa 4 asubuhi, na linganisha na saa 4 asubuhi ya jana. Basi.

Mambo ya kuangalia:

Dodoma mjini iko mita 1,120 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo simu yenye kipimo halisi itasoma karibu na 890, si 1,013. Usishtuke. Programu ikikuonyesha 1,013, imerekebisha hadi usawa wa bahari. Inafaa pia, mradi usichanganye namba za aina mbili.

Ukipanda mita 10, namba inashuka hektopaskali 1. Soma palepale, chumba kilekile, ghorofa ileile.

Simu nyingi za bei nafuu hazina kipimo kabisa. Programu huchukua namba ya mtandaoni na kuionyesha kana kwamba imepima. Zima intaneti, panda ngazi za jengo la ghorofa tatu. Namba isiposogea, ruka hatua hii bila majuto. Kati ya hatua zote hii ndiyo ninayoipa uzito mdogo.

## Hatua ya 5: Wingu la chini linatoka wapi

Simama chini ya ncha isiyotikisika, pembe ya paa au kichwa cha nguzo. Tazama wingu la chini kabisa linavyopita kwenye ncha hiyo na uandike linakotoka. Kisha tazama kitambaa chako juu ya mti. Vikitofautiana, andika vyote, ila amini wingu: upepo wa ardhini hupindishwa na nyumba na vilima.

Kwa kawaida upepo wetu hutoka upande wa mashariki. Mawingu ya chini yakianza kuja kutoka magharibi au kaskazini-magharibi, mara nyingi ni hewa yenye unyevu kutoka misitu ya Kongo, ile inayotajwa kwenye taarifa za msimu, na kipindi cha mvua hurefuka. Kimbunga kikiwa Bahari ya Hindi upande wa Madagaska au Mlango wa Msumbiji kinaweza kuivuta hewa hiyo hadi kwetu. Hakitufikii, lakini kinatubadilishia upepo. Ukisikia habari za kimbunga huko, kagua mawingu mara mbili kwa siku.

Chagua pia alama moja ya kudumu. Mkaazi wa mjini ana kilima cha Mlimwa na vilima vingine vinavyozunguka mji. Wa Kondoa na Mpwapwa wana milima yao. Andika kila jioni: kichwa kinaonekana, au kimefunikwa? Wingu likikaa chini ya kichwa cha kilima, likiwa na mavundevunde yanayokimbia chini yake, hewa imeshiba karibu hadi ardhini.

Onyo: ukisikia ngurumo, ingia ndani na uache kazi hii. Umbali wa radi ni sekunde kati ya mwanga na mlio, ugawe kwa 3, unapata kilomita. Usisimame chini ya mbuyu wala karibu na ule mti mrefu uliousimika mwenyewe.

## Hatua ya 6: Soma taarifa rasmi na picha ya setilaiti

Sasa fungua utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Nimeuweka hatua ya sita kwa makusudi: ukiusoma kwanza, macho yataona mbinguni kile ulichokisoma.

Soma maneno, acha picha. "Mvua katika maeneo machache" ikitajwa kwa mkoa wa Dodoma haimaanishi mtaa wako. Ni tofauti kabisa na "maeneo mengi". Mkoa huu unaanzia Kondoa hadi Mpwapwa, na neno moja haliwezi kubeba wote. Kazi yako ni kusema kama mtaa wako utakuwa miongoni mwa hayo machache.

Kukiwa na *angalizo* la njano, *tahadhari* ya rangi ya chungwa au *tahadhari kubwa* nyekundu, chupa na vipimajoto vyako havina la kusema. Fuata taarifa. Kutoa tahadhari za hali mbaya ya hewa ni kazi ya Mamlaka. Utabiri wako ubaki wa nyumbani na shambani, usiusambaze kwenye makundi ya WhatsApp kana kwamba ni taarifa rasmi.

Kisha picha ya setilaiti ile inayoonyesha joto la mawingu, inapatikana bure mtandaoni. Mawingu marefu yenye vichwa vya baridi huonekana meupe au ya rangi kali. Tazama picha za saa tatu zilizopita mfululizo, uone kundi linaelekea wapi.

Saa za picha hizo huwa za UTC, saa ya kimataifa, na watu huzichanganya kila siku. Kwa saa zetu za Kiswahili, toa tatu: 06 ni saa 3 asubuhi, 12 ni saa 9 alasiri, 18 ni saa 3 usiku, 00 ni saa 9 usiku.

## Hatua ya 7: Andika utabiri kabla ya kulala

Saa 3 usiku, toka nje uangalie kama nyota zinaonekana, kisha andika. Ukiandika asubuhi baada ya kusikia matone kwenye bati, hujatabiri. Mfano wa mstari mmoja:

*Jumanne. Mvua hadi saa 3: mm 11. Mgandamizo saa 4: 889.2 (jana 889.9). Saa 9: kikavu 22, kibichi 20, tofauti 2. Wingu la chini: magharibi. Mlimwa: kimefunikwa. TMA: mvua, baadhi ya maeneo. Nyota: hapana. Kesho kama leo: MVUA. Mimi: mvua, 8 kati ya 10.*

Tazama maneno "kesho kama leo". Huo ni utabiri wa mvivu: leo imenyesha, kesho itanyesha, leo kavu, kesho kavu. Uandike kila siku kando ya wako, maana ndiye mpinzani wako. Katika kipindi cha mvua mvivu huyu hupatia sana, na ndiyo sababu anayejisifu kwa siku nne mfululizo hajafanya lolote. Mvivu hukosa siku mbili tu: mvua inapoanza na inapokatika. Utaalamu wako wote uko kwenye siku hizo mbili.

Namba ya mwisho, 8 kati ya 10, ni uwezekano wa mvua, na ni lazima. Usikimbilie 5 kila siku ili kujiokoa.

## Hatua ya 8: Tambua siku ya kukatika

Soma sehemu hii mara mbili, kwa maana watu hudanganywa na asubuhi moja ya jua. Ardhi imeloa, jua limetoka kali, maji yanapanda hewani, na ifikapo saa 9 au 10 alasiri radi inapiga mvua kubwa kuliko ya siku zote tatu za wingu. Asubuhi njema baada ya mvua si kukatika kwa mvua. Mara nyingi ni kubadilika kwa aina ya mvua.

Tafuta ishara hizi, nimezipanga kwa uzito:

1. Tofauti ya kikavu na kibichi saa 9 alasiri inapanuka wazi, tuseme kutoka 2 hadi 5 au zaidi.
2. Mawingu ya chini yamerudi kutoka mashariki, na vitako vyake vimepanda juu ya kichwa cha kilima chako.
3. Picha ya setilaiti haina tena kundi kubwa. Vimebaki vipande vinavyozuka mchana na kufa usiku.
4. Nyota zinaonekana tangu jioni, alfajiri ina baridi kavu, na ukungu wa mabondeni unaondoka kabla ya saa 3 asubuhi.
5. Mgandamizo wa saa 4 asubuhi umepanda siku mbili mfululizo.

Ukiwa na moja, endelea kuandika mvua, ila shusha namba hadi 6. Ukiwa na tatu, ikiwemo ya kwanza, andika kavu. Ishara ya nne peke yake ndiyo inayowaponza wengi: usiku wa nyota baada ya siku za wingu hupendeza, na ardhi yenye maji iko palepale chini yake.

Kipindi cha mvua kinapoanza, ishara ni hizo hizo zikienda kinyume, ila mfululizo wake ni wa haraka zaidi. Mara nyingi utapata jioni moja tu ya onyo.

## Hatua ya 9: Kagua mwisho wa mwezi

Hesabu siku ulizopatia na siku alizopatia "kesho kama leo". Ukimzidi hata kwa siku mbili tatu, mfumo unafanya kazi. Akikuzidi, angalia siku zilipogeuka na uone ulipuuza nini. Mara nyingi ni hatua ya 3.

Kisha kusanya siku zote ulizoandika 8 kati ya 10. Mvua ilinyesha karibu mara nane katika kila kumi? Ikiwa ilinyesha zote, unajiamini kidogo mno. Ikiwa nusu, punguza ujasiri. Mwezi mmoja haukutoshi kwa hesabu hii. Ngoja msimu uishe.

## Kuitumia namba

Namba haikuambii la kufanya mpaka uiweke kando ya hasara. Kuvuta turubai juu ya karanga ni kazi ya dakika tano, kwa hiyo funika hata ukiwa na 3 kati ya 10. Kumwaga zege la sakafu isiyo na paa ni fedha ya watu wengi: ahirisha ikifika 4, na usimruhusu fundi akuambie "itapita hii". Kuvuka korongo usiku, usipige hesabu kabisa. Maji yanaweza kutoka mvua iliyonyesha mbali nawe huku chupa yako ikiwa tupu.

Kwa mwenye zabibu, ugumu uko kwenye dawa ya kuzuia ubwiri vinyoya, ugonjwa wa majani ya mzabibu. Majani yaliyolowa siku kadhaa ndiyo yanayouita, lakini dawa inayokaa juu ya jani ikipigwa mvua kabla ya kukauka imeoshwa na fedha yako. Subiri tofauti ya alasiri ipanuke na wingu la chini lirudi mashariki, kisha piga asubuhi inayofuata majani yakishakauka umande, ukimaliza mapema kabla ya saa za radi. Muda ambao dawa inahitaji bila mvua umeandikwa kwenye kibandiko chake. Usome kabla ya kufungua chupa, na uuandike daftarini kando ya mstari wa siku hiyo.